Ndevu za Mibuni

Walimu wenzangu waliozoea kurasa hizi watanisamehe iwapo safari hii sitazungumzia ngeli wala vina vya ushairi. Nataka kusema juu ya kitu kinachoota kwenye magome ya miti, kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amekiona na wachache mno wamekitazama. Hata hivyo sijatoka nje ya kazi yetu, kwani kosa ninalokusudia kulieleza lilianza na neno.

Kwetu ni chini ya Milima ya Ruwenzori, magharibi ya Uganda, ambako kahawa ya arabika hupandwa kwenye miteremko mikali hata mgeni akajiuliza mkulima husimama vipi akipalilia. Marehemu baba alikuwa na mibuni sitini na kitu, aliyoipanda kabla sijazaliwa. Mwaka 1983 nilirudi nyumbani kwa likizo nikiwa kijana wa kidato cha tatu, kichwa kimejaa maneno ya vitabuni. Nilipopita shambani niliona kana kwamba sijapata kuiona mibuni ile: matawi yamefunikwa mabaka ya kijivu, na katika vijitawi vya juu zinaning'inia nyuzinyuzi za rangi ya kijani iliyopauka, mfano wa ndevu za mzee asiyekuwa na wembe. Mibuni iliyozeeka, yenye majani machache, ndiyo iliyokuwa na ndevu nyingi zaidi. Nikakata shauri papo hapo.

"Baba," nikamwambia, "mibuni imeingiwa na kuvu. Tusipoing'oa, ugonjwa utaenea shamba zima."

Baba alikaa kimya kitambo. Kisha akasema kwamba mibuni ile ilikuwa hivyo tangu zamani, na kila mwaka ilizaa. "Lakini wewe ndiwe uliyesoma," akaongeza. Hakulisema kwa kejeli, na laiti angalilisema kwa kejeli! Katika muda wa siku nne tulikata na kuchoma mibuni arobaini na miwili. Mama peke yake ndiye aliyekataa. Ile tisa iliyokuwa nyuma ya jiko alisema haiguswi na mtu, awe amesoma au hakusoma.

Anayejua kahawa anajua yaliyofuata. Mche wa arabika hungoja miaka mitatu au minne kabla ya kutoa mavuno ya maana. Karo yangu ilikwisha kulipwa kwa kuuza mbuzi, bali mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la saba mwaka 1985, hakupata wa kumlipia. Aliacha shule, akashika jembe. Mimi nikaendelea hata nikawa mwalimu wa Kiswahili.

Nilikuja kujua kwamba mibuni ile haikuwa na ugonjwa wowote wa kuvu baada ya miaka mingi, na aliyenijulisha ni mwalimu mwenzangu wa biolojia. Bibi huyo alikuwa akiandaa safari ya wanafunzi mlimani, naye akanitaka niandamane nao, maana alitaka wanafunzi waandike wanayoyaona kwa Kiswahili na alihofu kuishiwa na maneno. Nilikubali kwa ajili ya maneno. Sikujua kwamba nakwenda kusikiliza hukumu yangu.

Kitu chenyewe kinaitwa kuvumwani. Neno hilo ni sahihi kabisa kwa mwenye kujua sehemu zake mbili, kwa sababu kiumbe hiki si kimoja. Kuvu hujenga nyumba, na ndani ya nyumba hiyo hukaa mwani, yaani chembechembe za kijani zenye uwezo wa kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Kuvu humpa mwenzake kivuli na unyevu, naye hulishwa sukari. Mswisi Simon Schwendener alipolitangaza jambo hili mwaka 1867, mabingwa wa wakati ule walimcheka, na William Nylander, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wao, hakulikubali kamwe. Siku hizi hakuna anayelibisha. Kinyume chake nyumba imezidi kujaa: mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walionyesha kwamba katika gamba la kuvumwani nyingi imo pia chachu, ambayo ni kuvu ya aina nyingine kabisa.

Sasa tazama linalofuata kutokana na hayo. Mtu anayelishwa nyumbani kwake hana haja ya kuiba kwa jirani. Kuvumwani haina mizizi, haifyonzi utomvu wa mti, na maji yake huyapata kwenye mvua na ukungu. Mti kwake ni mahali pa kukaa tu, kama ukuta ulivyo kwa mjusi. Nilimwuliza yule bibi mbona basi ndevu huzidi katika mti uliodhoofika. Akanijibu kwa neno moja: mwanga. Mti ukipunguza majani kwa uzee au kwa kutopogolewa, jua hufika kwenye matawi, na kuvumwani hulifuata jua. Mimi nilikuwa nimeona wageni wamejaa nyumbani kwa mgonjwa, nikasema wageni ndio waliomwuguza.

Tulianza kupanda kutoka Nyakalengija asubuhi, tukielekea kambi ya Nyabitaba iliyo kwenye mita 2,651. Mbuga ile imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991, na kuchuma chochote humo ni mwiko, kwa hiyo tulishika vile tu vilivyoangushwa na upepo njiani. Vifaa vyetu vilikuwa kioo cha kukuzia mara kumi, chupa ya maji na vidole. Naomba nivisifu vidole, maana ndivyo vilivyofanya kazi kubwa.

Kwanza tulijifunza kutenga. Si kila kijani kilicho juu ya gome ni kuvumwani. Vile vimea vidogo laini kama zulia, ukivitazama kwa kioo utaona vina vikonyo na vijani vilivyopangika. Hivyo ni mimea kamili. Kuvumwani haina jani la kweli wala kikonyo, ijapokuwa yaweza kuiga vyote viwili. Rangi nayo hudanganya. Mwalimu alimimina maji kidogo juu ya baka la kijivu, na mbele ya macho yetu likageuka kijani kibichi, kwa sababu gamba likilowa hupitisha mwanga na mwani wa ndani huonekana. Baka jingine lililowa likageuka jeusi lenye usamawati. Humo, akasema, mpangaji si mwani wa kijani bali ni bakteria wa rangi ya samawati wenye uwezo wa kuinasa naitrojeni ya hewani. Kwa hiyo anayetaka kuitambua kuvumwani aitazame kavu, kisha aitazame mbichi. Mimi ya baba niliitazama mara moja, tena kwa kupita.

Baada ya kutenga, tulitafuta maumbo. Wataalamu huanza na matatu, nasi tuliyatafutia majina kwa kubishana njia nzima.

La kwanza tuliliita ukoko, na nafurahi kwamba jina hilo lilitoka kwa mwanafunzi. Ni ile aina iliyonatana na gome kama ukoko wa wali ulivyonata chunguni: huwezi kuitoa pasipo kutoa na chungu. Haina upande wa chini unaoweza kuonekana. Juu ya gome laini la mti mmoja tuliona ukoko mweupe wenye mistari myeusi mifupi, mingine imenyooka, mingine imejipinda, mingine imegawanyika panda. "Mwalimu," akasema msichana mmoja, "mti huu umeandika." Nilijaribu kusoma. Ilikuwa kama hati ya mtoto wa chuo aliyepewa ubao kwa mara ya kwanza. Jina la kitaalamu la jamaa hiyo ni Graphis, nalo limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika, na hiyo mistari ni midomo inayotoa mbegu za kuvu. Kuzitambua aina zake hutazamwa kama mdomo umefumba au umeachama, na kama kingo zake ni nyeusi tupu au zimevikwa gamba jeupe. Nimefundisha hati kwa miaka mingi, lakini sijapata kuzitazama herufi kwa makini kama siku ile.

La pili ni la majani. Hili lina upande wa juu na upande wa chini, nalo laweza kubanduliwa kwa ncha ya kisu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba upande wa chini ndio wenye habari. Wengi wetu huishia juu, penye rangi. Ukigeuza utaona vishikizi, nyuzi fupi nyeusi zinazofanana na mizizi lakini kazi yake ni kushika tu. Je, vishikizi vimefika hadi ukingoni, au vimeacha ukingo mtupu, mpana, unaong'aa? Katika jamaa ya Parmotrema, ambayo ndiyo mabaka mapana ya kijivu ya kwenye bustani zetu, ukingo aghalabu huwa mtupu, na mara nyingi kope nyeusi huchomoza pembeni kama kope za jicho. Pengine chini hamna vishikizi ila manyoya laini ya kahawia. Na katika manyoya hayo, tukiwa chini ya mti mkubwa uliojaa unyevu, tuliona vitundu vyeupe vya mviringo vyenye kingo safi, kana kwamba vimetobolewa kwa ncha ya kalamu. Hiyo ni Sticta, na vitundu ni vya kupitishia hewa. Jamaa yake Pseudocyphellaria nayo ina madoa mahali hapo hapo, lakini madoa hayana kingo. Tofauti ya jamaa mbili imekaa katika ukingo wa kitundu usiofikia upana wa kichwa cha pini!

Mwalimu alilowesha kipande kimoja cha Sticta nyeusinyeusi, akakisugua, akanipa ninuse. Shombo! Shombo tupu ya dagaa, huko juu penye baridi, mbali na ziwa lolote lenye mvuvi. Wanafunzi walicheka, nami nikaandika katika daftari neno ambalo sikutegemea kulitumia mlimani.

Kisha kuna namna ya kuzaa, nayo hujulikana kwa kidole. Pitisha kidole juu ya jani. Kikitoka na vumbi kama unga wa muhogo, basi jani hilo hujizalisha kwa unga: kila chembe imebeba kuvu kidogo na mwani kidogo, tayari kuanza nyumba mpya mahali pengine. Kidole kikikwaruzwa na vipele vigumu visivyotoka kama vumbi, hivyo ni vidole vidogo vinavyovunjika na kwenda na upepo au na miguu ya wadudu. Kisiposikia chochote, tafuta visahani vyenye kingo, ambamo kuvu hutoa mbegu yake peke yake, nayo italazimika kutafuta mwani wa kuoana naye. Aina mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu, moja ina unga na nyingine ina vidole, na hizo si moja.

Mengi ya haya yamo katika kitabu kikubwa cha T. D. V. Swinscow na Hildur Krog kuhusu kuvumwani za Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1988. Lilinifariji kusikia kwamba Swinscow kazi yake ilikuwa uhariri wa jarida la matabibu, na kuvumwani alizishika kwa mapenzi. Si lazima basi mtu awe amezaliwa maabara.

Wanafunzi walirudi kutoka Nyabitaba. Sisi watu wazima watatu tuliendelea na mwongozaji hadi kambi ya John Matte kwenye mita 3,414, na hapo ndipo palipo na umbo la tatu. Msitu wa huko ni wa miti ya Erica, ambayo kwingineko ni vichaka na huku imekuwa miti mirefu iliyopindapinda, na kila tawi lake limevaa ndevu. Zinaning'inia kwa kadiri ya mkono, zinayumba katika ukungu, na matone ya maji yanateremka kwenye ncha zake. Nilisimama. Zilikuwa zile zile. Ndevu za mibuni ya baba, kubwa zaidi na nyingi zaidi, zimevaliwa na msitu mzima, na msitu wenyewe u hai.

Mwongozaji, mzee mwenye umri kama wangu, aliokota uzi mmoja ulioanguka akaushika ncha mbili. "Tazama, mwalimu," akasema, akauvuta polepole. Gamba la nje likakatika vipande vipande kama shanga, lakini uzi haukukatika: katikati ulibaki ugwe mweupe, mwembamba, unaovutika kama mpira. Hiyo ndiyo alama ya Usnea. Nyingine zinazofanana nayo hazina ugwe huo. Ramalina, kwa mfano, ni bapa kama utepe, nayo ukiivuta hukatika tu. Mzee hakulijua jina la Kilatini, wala hakulihitaji; alikuwa amejionea alama hiyo mwenyewe katika miaka ya kubeba mizigo ya wageni. Nikafikiri jinsi ambavyo jaribio hilo lisingenigharimu chochote mwaka 1983. Ugwe mweupe usingetosha kuniambia kwamba kitu hiki hakili mti, hilo ni kweli. Lakini ungenionyesha kwamba kilicho mbele yangu sicho nilichokitaja, na pengine ningenyamaza.

Naomba sasa nirudi kwenye neno, maana hapa nina shauri kwa wenzangu. Kuvumwani ni neno lililoundwa vizuri, lakini kwetu bara lina matatizo mawili. Mwani ni mmea wa baharini, na mtoto wa kwetu hajapata kuiona bahari. Kwa hiyo nusu ya pili ya neno haimwambii kitu. Inabaki nusu ya kwanza, nayo inamwambia jambo moja tu: kuvu, yaani mkate uliooza, mahindi yaliyoharibika, ugonjwa. Mtoto huyo akiambiwa kwamba mbuni una kuvumwani, atasikia nilichokisikia mimi, na shoka liko karibu. Sisemi neno litupwe. Nasema lisifundishwe kama jina tu, bali lifunguliwe, na mwani uelezwe kwa ule ute wa kijani ulio katika madimbwi na kingo za ziwa, ambao kila mtoto anaujua.

Tena tusidhani kwamba Kiswahili kilikuwa bubu mbele ya kiumbe hiki. Watu wa Pwani walikuwa na neno marere. Walilitumia kwa kuvumwani fulani za miti ya pwani, jamaa ya Roccella, zenye umbo la vitawi vya kijivu, ambazo katika karne ya 19 zilichumwa na kusafirishwa ng'ambo kwa kazi ya kutia nguo rangi ya zambarau. Ziliroweshwa katika kitu chenye amonia, hata mkojo uliochacha, zikaachwa hewani hadi kijivu kikageuka zambarau. Rangi za viwandani, ambazo ya kwanza William Perkin aliigundua mwaka 1856, ziliiua biashara hiyo, na neno likabaki likilala katika kamusi. Waliochuma marere bila shaka walijua kuitenga na nyingine zisizo na rangi, la sivyo wangalirudi na gunia lisilo na bei. Sidai marere iwe jina la kuvumwani zote; ni ya jamaa moja, na kulipanua kungekuwa kosa kama langu. Nalitaja ili ionekane kwamba aliyehitaji kutofautisha alipata neno.

Ile mibuni tisa ya nyuma ya jiko ingalipo. Imepogolewa ikachipua mara nyingi, na sasa iko mikononi mwa mdogo wangu, ambaye amezeeka nayo. Niliporudi kutoka mlimani nilikwenda kumwona. Alikuwa akichuma, kanga imefungwa kiunoni, kikapu kimefika nusu. Nilimweleza yote, kuanzia mwanga hadi ugwe, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, kama afanyavyo mtu mwenye hatia. Alinisikiliza bila ya kuacha kazi.

Nilipokwisha alinyoosha mkono kwenye tawi lililo juu ya kichwa chake, akachomoa uzi mmoja, akaushika ncha mbili kama nilivyomwonyesha, akauvuta. Gamba likakatika. Ugwe mweupe ukabaki. Aliuvuta tena, akaulegeza, akauvuta.

"Na ile mingine, Kaka," akauliza, "nayo ilikuwa na huu?"

Nikamwambia ilikuwa nao.

Akauweka ule uzi juu ya kahawa kikapuni, akahamia tawi la pili.